Kona Tuliyobakisha

Siku hizi Nakuru kila mtu ni broka. Kinyozi akikushika kichwa anakuuliza kama unamjua mtu anayetafuta ploti. Fundi wa viatu ana picha za mashamba kwenye simu yake. Hata mwalimu mwenzangu, anayefundisha Hisabati darasa la pili kutoka langu, alinifuata siku moja hadi mlango wa choo kuniambia kuna robo eka kule Bahati, maji yapo, stima ipo, lami ni pale tu. "Pale tu" ya broka naijua vizuri. Unaweza kumaliza soli ya kiatu kabla hujaifikia.

Nasema haya ili msidhani tulikuwa washamba wa kudanganywa na mtu yeyote mwenye tai. Mabroka tuliwajua. Ndiyo maana wakati wa kuuza shamba la baba ulipofika hatukwenda kwa broka wa barabarani. Tulikwenda kwa mtu wetu.

Mtu wetu alikuwa mzee wa kanisa. Ofisi yake ilikuwa mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na ukipanda zile ngazi ulipanda na harufu ya dawa ya kupe hadi mlangoni kwake. Lakini hatukumwamini kwa sababu ya ofisi, wala kwa sababu ya kanisa peke yake. Tulimwamini kwa sababu siku tuliyomzika baba alivua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua sepetu. Kwetu huku wanaume hupokezana sepetu kaburini. Mmoja akichoka, mwingine anaichukua bila kuitwa, na familia haisahau nani aliichukua. Mtu aliyemfunika baba yako udongo huwezi kumkagua kama unavyomkagua mgeni. Utaanzia wapi?

Baba alipata shamba lile la Bahati zamani, walipochanga pesa na wenzake wakanunua shamba la mzungu na kugawana. Lilikuwa kubwa kiasi. Mimi na ndugu zangu wawili tulilila kwa karo, muhula baada ya muhula, hadi likabaki nusu eka, nyumba ya mbao, zizi la ng'ombe mmoja na miti michache, mikrevilea, kando ya ua. Baba hakulalamika hata siku moja. Alikuwa mtu wa mzaha. Alipougua, akajua haponi, alituita akasema tusije tukamwekea simiti. "Simiti ni ya matajiri wa Milimani," alisema. "Mimi nimelima udongo huu maisha yangu yote. Tumezoeana. Msituwekee kitu katikati."

Basi tukamzika kwenye kona ya chini, kichwa kikielekea mlima Menengai, bila simiti, bila msalaba wa chuma. Mama akapanda juu yake yale maua meupe yenye shingo ndefu ambayo hupenda kuota kando ya mito. Yalishika haraka. Baada ya misimu miwili hivi, mtu asiyejua angepita akadhani ni bustani ya mama mwenye kupenda maua. Kando ya maua hayo, upande wa ua, mama aliacha nafasi ya upana wa kitanda. Hakuipanda chochote. "Hapo ni pangu," alikuwa akisema, bila huzuni yoyote, kama mtu anayewekea kiti kitambaa kanisani kisikaliwe na mwingine.

Kila asubuhi alishuka pale na kikombe chake cha chai. Alimpa baba habari: ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani, nani ameoa, nani amefutwa kazi, bei ya mbolea imepanda tena. Nikienda kumtembelea nilimchokoza.

"Mama, leo mzee amesemaje?"

"Amesema umenenepa," angejibu, na kunywa chai yake.

Kisha akaanguka karibu na zizi, siku ya mvua, nyonga ikavunjika. Hospitali wakasema kiungo kibadilishwe, na kwamba tukichelewa hatatembea tena. Ndugu zangu, mmoja yuko Mombasa na mwingine Nairobi, walisema kile wanachosema watoto wa kiume walio mbali: fanya unavyoona. Nilivyoona mimi ni kwamba mshahara wa mwalimu haubadilishi nyonga ya mtu. Tukakubaliana shamba liuzwe, mama aje kwangu mjini.

Broka wetu alikuja nyumbani. Mama alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, uso umekauka kwa maumivu. Hata hivyo alisisitiza ainuliwe akae, akahakikisha mgeni amepewa chai kwanza. Halafu akasema sharti lake.

"Nauza yote. Lakini ile kona ya mzee inabaki. Na mimi nikienda, nalazwa pale kando yake. Yule atanunua ajue hivyo kabla hajatoa pesa."

"Mama, hiyo haina shida kabisa," alisema. "Si mimi mwenyewe nilimzika mzee? Nitaongea na mnunuzi. Na iko mtu tayari, mama wa biashara, ameokoka, roho safi. Hawezi kataa kitu kama hiyo."

Mimi nikasema tuandike. Tukate ile kona, ipate hati yake, iwe yetu kisheria.

Broka alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Madam, ukianza kukata, unaita savea aje apime. Savea akimaliza unarudi kwa bodi ya ardhi. Bodi inakaa ikitaka. Sasa niambie, mguu wa mama utangojea bodi? Mambo ya kaburi watu huelewana kwa mdomo. Sisi si watu wa mji."

Nikafungua mdomo tena. Mama akanikatiza. Alizoea kuniita kwa kazi yangu, akitaka kunitania au kuninyamazisha. "Mwalimu, wacha. Huyu alimzika baba yako."

Yakaishia hapo.

Sasa niseme jinsi mabroka wa kwetu wanavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Broka anaogopa kurukwa kuliko anavyoogopa kifo. Kurukwa ni pale muuzaji na mnunuzi wanapopeana namba za simu, wakamalizana wenyewe, naye akabaki na vumbi la viatu. Kwa hivyo anasimama katikati kama ukuta. Maneno ya huku yanapita kwake, maneno ya kule yanapita kwake. Mnunuzi wetu alikuja kuona shamba siku ambayo mama alipelekwa hospitali kupimwa. Baadaye nilielewa kwamba siku hiyo haikuchaguliwa na Mungu. Na broka analipwa na pande zote mbili. Hilo nalo tulilijua. Ni jambo la kawaida huku, hata hakuna anayeliuliza, na ukiliuliza unaonekana mchoyo. Ambalo sikuwa nimejiuliza ni hili: watu wawili wakimpa mtu mmoja siri zao, na zile siri zikagongana, atamtupa nani?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu wetu hazikumshinda.

Tulionana na mnunuzi mara ya kwanza kwa wakili. Wakili naye alikuwa mmoja wa kututosha wote, kuokoa gharama. Tulikaa kwenye benchi moja nje ya mlango wake: mimi, mama na mguu wake, na yule mama wa biashara. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, kitambaa kichwani, viganja vimepasuka kama vya mtu anayeshika magunia kila siku. Broka alikuwa amemwonya mama njiani: kwa wakili usitaje kaburi, atasimamisha kila kitu aanze kudai barua za serikali, mimi nimeshaongea na huyu mama, amekubali. Na yule mama naye, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa ameonywa vyake: mathe ana uchungu wa kuacha boma lake, usimwulize maneno mengi.

Wakakaa hapo, wanawake wawili wenye adabu, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kunyamaza. Kabla hatujaitwa ndani, yule mama alinyoosha mkono akaushika wa mama yangu. Aliushika tu hadi mlango ukafunguliwa.

Tuliporudi nyumbani mama alikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Umeona alivyonishika mkono?" aliniambia. "Ameelewa mambo ya baba yako."

Nyonga ilibadilishwa. Mama akahamia kwangu, kwenye nyumba yangu ya kupanga, akajifunza kutembea tena kwa fimbo kwenye veranda ya saruji ambayo hakuipenda. Asubuhi alitoka na chai yake akasimama hapo, akawa hana wa kumpa habari. Nilimwona akianza kuzungumza na kuacha. Alipopata nguvu alitaka kwenda Bahati kuiona kona. Nikampigia broka simu, nikampa mama aongee naye.

"Ngoja mvua iishe, mama," alimwambia. "Hiyo barabara saa hii ni matope tupu."

Mvua ikaisha. Akasema yule mama anajenga, kuna misumari na mawe kila mahali, mama ataumia. Mvua nyingine ikaanza, na ile sababu ya matope ikarudi. Mama hakumshuku. Alisema ni vizuri mtu wa kanisa anapomjali mama mzee kiasi hicho. Mimi nilianza kumshuku, na nikajiambia kwamba ni tabia yangu ya kushuku watu.

Tukaenda Jumamosi moja bila kumwambia. Nilikodisha teksi. Mama alibeba miche ya maua yale yale meupe, aliyoitoa kwa rafiki yake wa kanisani, ameifunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Alivaa viatu vyake vizuri.

Geti lilikuwa jipya. Nyumba ya mbao haikuwepo. Kulikuwa na nyumba ya mawe, mabati mekundu yakimeta, na haikujengwa pale ilipokuwa ile ya zamani. Ilijengwa chini zaidi, kwa sababu fundi alipapenda pale palipokuwa tambarare. Mikrevilea ilikuwa imekatwa, imebaki visiki. Mama alisimama kwenye geti, akatazama Menengai, akatazama kisiki cha mwisho, akatazama ukuta. Macho yake yalirudi tena mlimani, yakashuka tena taratibu. Nilijua anachotafuta na nilishaona kwamba hakipo. Hakukuwa na ua moja jeupe.

"Ni ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, ni ndani ya nyumba."

Nilitaka kugeuza teksi. Lakini yule mama alikuwa ameshatuona, anakuja mbio na leso kiunoni, mikono imefunguliwa, uso wote furaha. "Mama! Unatembea! Karibu, karibu kwako, hii ni kwako!" Alimkumbatia mama yangu karibu amwangushe. Alisema alikuwa amemwuliza broka mara nyingi namba yetu ili atualike, na kila mara broka alisema mama bado ni mgonjwa, asisumbuliwe.

Sebule ilinuka rangi mpya. Mama alipoonyeshwa kochi alikataa kwa upole, akaomba kiti cha kawaida, akakiweka kwenye kona ya dirisha linalotazama Menengai. Nilijua kwa nini. Tukaletewa chai na viazi vya kuchemsha vikiwa bado vinatoa mvuke.

"Hivi ni vya Kuresoi," alisema. "Ndio biashara yangu. Navitoa huko na lori naleta soko ya hapa Nakuru. Na huko ndio ilikuwa kwetu, mama. Kabla tufukuzwe wakati wa vita."

Mama akamwuliza kama anarudi huko kutazama.

"Napita tu. Shamba ina wenyewe saa hii." Akamenya kiazi asichokila. "Mtoto wangu wa kwanza nilimzika huko. Tulitoroka na nguo tulizovaa, nikamwacha. Sasa kuna mtu amejenga banda ya ng'ombe hapo juu yake. Nikipita na lori naona ng'ombe wamesimama. Huyo mtu sijawahi kumwambia. Nitamwambia nini? Yeye hakumjua."

Alijifuta macho, akacheka kidogo kwa aibu ya kulia mbele ya wageni.

"Ndio maana nilimwambia yule broka wetu siku ya kwanza, kabla hata tuongee bei. Nilimwambia nionyeshe popote, mbali, karibu, mimi sijali. Lakini si mahali pamezikwa mtu. Hiyo siwezi. Sitalala, mama, nakwambia ukweli, nitakuwa nikimwona wangu. Akaniapia." Aligusa ukuta kwa kiganja chake kilichopasuka, jinsi mtu anavyogusa shavu la mtoto. "Mungu ambariki yule mzee. Alinipatia mahali safi."

Nilimwona yule mtu waziwazi, akiwa kwenye kiti chake juu ya harufu ya dawa ya kupe: huyu amemwambia hawezi kuuza bila kaburi kubakishwa, yule amemwambia hawezi kununua penye kaburi, na yeye akatuangalia sote, akaona hasara yake peke yake. Angemwambia yeyote kati yetu ukweli, sote tungeondoka. Nikafungua mdomo. Ningesema. Mimi si mtu wa kunyamaza, kila aliyewahi kufundishwa na mimi atawaambia.

Mama alinitangulia. "Mungu akubariki wewe, mama," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, tulivu kabisa. "Na wewe unalala upande gani wa nyumba?"

"Kule nyuma, karibu na jikoni."

"Vizuri. Huko ni vizuri." Akashika fimbo, akainuka. "Naomba niiombee nyumba yako."

Yule mama alifurahi sana. Alizima redio, akafunga macho, akainamisha kichwa. Mama yangu alisimama kwenye ile kona, mikono yote miwili juu ya fimbo, naye hakufunga macho. Alitazama sakafu. Akamshukuru Mungu kwa mguu wake, kwamba sasa anatembea, kwamba madaktari walikuwa vijana wadogo lakini wanajua kazi. Akamwambia Mungu kwamba ng'ombe aliuzwa kwa watu wazuri na amezaa ndama jike. Akamwambia kwamba binti yake bado anafundisha, bado ana hasira za haraka, lakini anamtunza vizuri. Kwamba mbolea imepanda tena. Yule mama alikuwa akiitikia, "Ndiyo, Bwana," bila kushangaa, maana watu wazima huomba hivyo. Mimi nilijua mama hamwambii Mungu. Nilivuta miguu yangu nyuma, nisiikanyage ile kona.

"Uwape amani wote walio katika nyumba hii," alimaliza. Yule mama akasema amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Tulipoaga, mama alimpa ile miche. Akamwomba aipande nje, chini ya lile dirisha la sebule, kwa sababu hupenda kivuli. Yule mama akasema ataipanda leo leo.

Ndani ya teksi nililipuka. Nilimwuliza mama kwa nini hakusema, kwa nini aliniacha nikae pale nikila viazi juu ya kifua cha baba yangu. Ndiyo, nilisema hivyo, na dereva akanitazama kwenye kioo.

"Nikimwambia, ataenda wapi?" mama aliniuliza. "Huyu ameshafukuzwa mara moja. Unataka mimi nimfukuze mara ya pili?"

Tulikuwa tumepita soko la Bahati ndipo aliposema tena. "Baba yako alikataa simiti." Akaanza kucheka, kile kicheko cha kumcheka baba, nikaanza kucheka naye. "Sasa amewekewa nyumba nzima." Kisha akalia hadi tukafika mjini, na mimi nilimshika.

Jumatatu baada ya masomo nilipanda zile ngazi. Broka alinikaribisha, akaagiza soda, nikaikataa. Nilimwambia yote. Hakukana.

"Madam, tulia," alisema. "Mimi nilisaidia pande zote. Mama anatembea? Anatembea. Yule mama ako na nyumba? Ako nayo. Ningesema, mngekuwa wapi saa hii? Mama yako angekuwa kwa kochi. Sasa niambie, nani ameumia?"

Nilimwambia ameumia mama yangu, ambaye hana tena pa kulala. Nilimwambia alipaswa kutuambia sote hapana. Tungemtafuta mnunuzi mwingine, asiyeogopa kaburi, na yule mama angetafuta shamba lisilo na mtu. Watu wapo. Mashamba yapo.

"Na mimi ningekula nini?" aliuliza.

Aliuliza polepole, bila ukali, na nadhani ndilo neno la kweli pekee alilonipa tangu tumjue. Nilimwambia atanyooka mahakamani. Nikashuka ngazi.

Mama alinikataza. Aliniambia nikienda mahakamani yule mama ataitwa, na akiitwa atajua. Nilizunguka mjini na hasira hiyo kwa wiki nyingi, nikitafuta njia ya kumuumiza mmoja bila kumgusa mwingine, na sikuipata. Huruma ya mama ilimfunika yule mtu vilevile, ingawa haikukusudiwa yeye. Aliendelea kuuza mashamba. Aliendelea kukaa mbele kanisani. Mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara kule Bahati, ndiye pekee aliyebaki kati ya majirani wa zamani, nilipomwuliza kwa nini hakusema lolote msingi ulipochimbwa, alinitazama kwa mshangao. "Nilijua mlimhamisha," alisema. "Nani huuza shamba na baba yake ndani?"

Mama aliishi nami muda kiasi baada ya hapo. Hakuomba tena kwenda Bahati. Alikunywa chai yake kwenye veranda, akitazama upande ule, midomo ikicheza bila sauti. Alifariki wakati wa baridi, usingizini, kwa amani ambayo namshukuru Mungu kwayo na bado naionea wivu.

Tulimzika kwenye makaburi ya mji. Kwa watu wa kwetu hilo ni jambo la aibu. Wanaozikwa huko ni wasio na kwao. Ndugu zangu waliuliza, mbele ya watu, kwa nini mama halazwi nyumbani kando ya baba. Niliwauliza nyumbani wapi, na sauti yangu ikawafanya wasirudie. Alilazwa kati ya watu ambao hakuwahi kuwasalimia. Yeye, aliyejua habari za kila jirani.

Broka alikuja. Alikuwa amevaa suti. Zamu ya udongo ilipofika alivua koti, akakunja mikono ya shati kama siku ile, akanyoosha mkono kwenye sepetu. Niliishika kabla yake. "Si wewe," nilimwambia. Watu wakadhani ni majonzi, shangazi mmoja akanishika mabega. Yeye alivaa koti lake tena, akarudi nyuma.

Na yule mama wa viazi alikuja. Alikuwa na ndoo nzima ya maua meupe yenye shingo ndefu, ameyakata chini ya dirisha lake asubuhi hiyo. Aliyapanga juu ya mama yangu moja moja, akilia waziwazi. Alipomaliza alisimama kando yangu, akatazama makaburi ya wageni yaliyotuzunguka.

"Na mzee yako, yuko wapi?" aliniuliza. "Mbona hamkuwalaza pamoja?"

"Yeye yuko Bahati."

"Bahati wapi?"

Nilikuwa na sepetu bado mkononi. "Karibu na kwako," nilimwambia.

"Ai, na hamkuniambia!" Alinishika mkono kama alivyomshika mama kwa wakili, kwa nguvu ile ile. "Mimi niko huko kila siku, nitampelekea maua. Utanionyesha?"

"Nitakuonyesha."

Si mtu wa kusahau. Amenipigia simu mara nyingi tangu siku ile, na kila simu inanikuta sina jibu. Mama aliniachia siri yake niilinde, na huyu amenipa imani yake yote, nami nimesimama katikati yao. Naijua nafasi hii. Nilimtukana mtu mmoja kwa sababu ya kuikalia, ingawa mimi hakuna anayenilipa.

Wiki hii alipiga tena. Nilikuwa kwenye dirisha la chumba cha walimu, ni wakati wa mapumziko, watoto wanafukuzana uwanjani na vumbi limewafika magotini.

"Mwalimu, hayo maua ya mama yamejaa mpaka yanataka kuingia kwa sebule," alisema, akicheka. "Jumamosi nakutumia gari, tuende kwa mzee."

"Ngoja mvua iishe, mama," nilimwambia. "Barabara ya huko ni matope."

Nilisikia redio yake ikiimba kwa mbali, kule sebuleni.

"Mvua gani, mwalimu?" akauliza.